Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara: Mradi wa Shahada ya Kwanza Kuhusu Vichocheo vya Metali na Uondoaji wa Haidrojeni

Ukurasa huu ni wa wanafunzi wa kemia wa shahada ya kwanza wanaofikiria kuchukua, au wamekwisha kupewa, mradi wa kutumia metali kuondoa haidrojeni kwenye molekuli. Mifano mingi inahusu asidi fomiki juu ya paladiamu. Huo ndio mmenyuko ninaowashauri wengi waanze nao: hauhitaji joto kali, gesi yake unaiona ikishusha maji kwenye bureti, na hesabu zake humlazimisha mwanafunzi kuwa mkweli.

Uondoaji wa haidrojeni ni nini hasa?

Ni mmenyuko ambao molekuli inapoteza atomu mbili za haidrojeni, nazo zinaungana na kutoka kama gesi ya H2. Isopropanoli ikipoteza haidrojeni inakuwa asetoni. Propani inakuwa propilini. Asidi fomiki inakuwa kaboni dioksaidi.

Viwandani jambo hili ni kubwa kuliko wengi wanavyodhani. Ndoo, viti vya plastiki na viroba vinavyobebea mahindi na sukari hutengenezwa kwa polipropilini, na sehemu ya propilini hiyo hupatikana kwa kuondoa haidrojeni kwenye propani. Stairini, ambayo huzaa plastiki nyingine nyingi, hutengenezwa kwa kupitisha ethilibenzeni pamoja na mvuke wa maji juu ya oksidi ya chuma iliyotiwa potasiamu, kwenye joto la nyuzi 600 hivi.

Metali inafanya kazi gani hapo?

Inaipa molekuli njia rahisi ya kuvunja vifungo vyake. Atomu za metali hushika kaboni na haidrojeni, kifungo kati yao kinalegea, haidrojeni mbili zinakutana juu ya uso wa metali na kuondoka pamoja.

Paul Sabatier wa Toulouse, Ufaransa, aliyepata Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 1912, alionyesha pamoja na mwenzake Senderens kwamba mvuke wa alkoholi ukipita juu ya shaba ya moto unatoa haidrojeni na kubaki aldehidi. Kanuni inayobeba jina lake bado ndiyo msingi wa fani hii. Metali nzuri ni kama mwenyeji mwema: anakaribisha mgeni, na wakati ukifika anamsindikiza. Metali isiyoshika molekuli haifanyi kazi, na inayoshika kwa nguvu mno inajaa na kukwama. Ndiyo maana platinamu na paladiamu, ambazo ziko katikati, hutajwa kila mahali.

Kuna jambo moja ambalo wanafunzi wengi hulikosa hata kwenye mtihani wa mdomo: kichocheo hakibadilishi msawazo wa mmenyuko, yaani pale mmenyuko unapoishia; kinabadilisha kasi tu. Kugeuza propani kuwa propilini kunahitaji nishati ya takribani kJ 124 kwa kila moli. Hata uwe na platinamu bora kuliko zote, kwenye joto la chumba mmenyuko huo hauendi. Viwanda huupeleka kwenye nyuzi 550 hadi 650. Kabla ya kuchagua mmenyuko wa mradi wako, piga hesabu ya nishati huria ya Gibbs, inayokuambia kama mmenyuko unaweza kwenda kwenye joto hilo. Ni kazi ya jioni moja, na inaweza kukuokolea muhula mzima.

Kwa nini vitabu vinasema platinamu huchanganywa na bati?

Kwa sababu ya masizi. Kwenye joto kali molekuli haziishii kupoteza haidrojeni mbili tu. Zinaendelea kuvunjika na kuacha tabaka la kaboni linalofunika uso wa metali. Atomu za bati zikiingia kati ya zile za platinamu, zinatawanya makundi makubwa ya platinamu ambako uvunjikaji huo hutokea, na pia zinaipa platinamu elektroni, hivyo propilini inaachia haraka kabla haijaharibika. Mchanganyiko wa platinamu na bati juu ya alumina (oksidi ya alumini) ndio unaotumika katika mojawapo ya njia kuu za viwandani. Njia nyingine kubwa hutumia oksidi ya kromiamu juu ya alumina. Zote mbili hulazimika kuchoma masizi kila baada ya muda ili kichocheo kirudi kazini.

Kuna tofauti gani kati ya kichocheo kigumu na kile kinachoyeyuka?

Kigumu, kama unga wa paladiamu juu ya kaboni, kinakaa peke yake ndani ya kimiminika, nawe unaweza kukichuja na kukitumia tena. Kinachoyeyuka ni molekuli kamili: atomu moja ya metali iliyozungukwa na ligandi, yaani molekuli au ioni zilizoishikilia, na unaweza kubadilisha ligandi hizo moja moja kujua kila moja inafanya nini. Kwa mtu anayependa kuelewa utaratibu wa mmenyuko hatua kwa hatua, hii ya pili inavutia sana.

Historia yake si ndefu. Mwaka 1979 kundi la Robert Crabtree lilionyesha kwamba changamano la iridiamu, yaani atomu ya metali pamoja na ligandi zake, linaweza kuondoa haidrojeni kwenye alkani zenye umbo la pete, molekuli zilizokuwa zikihesabiwa kuwa hazishikiki. Mwaka 1996 Craig Jensen, William Kaska na wenzao walitumia iridiamu iliyobanwa na ligandi yenye mikono mitatu, ambayo ilivumilia joto kuliko zilizotangulia. Mwaka 2007 kundi la David Milstein wa Taasisi ya Weizmann, Israeli, lilichukua alkoholi na amini, likatumia ruteniamu, likapata amaidi moja kwa moja huku gesi ya haidrojeni ikiwa ndiyo taka pekee. Mimi nauhesabu mmenyuko huo wa 2007 kati ya kazi nzuri kabisa za kemia ya karne hii.

Lakini vichocheo hivi vingi huogopa oksijeni. Kama maabara yenu haina boksi la glavu lenye naitrojeni au mfumo mzuri wa kufanyia kazi bila hewa, anza na kigumu.

Kwa nini asidi fomiki, wakati kuna molekuli nyingi?

Kwanza, msawazo uko upande wako: asidi fomiki hupendelea kuvunjika kuwa H2 na CO2 hata kwenye joto la chumba, inachokosa ni kichocheo tu. Pili, ni kimiminika cha bei nafuu kinachobeba haidrojeni asilimia 4.4 ya uzito wake, ndiyo maana kinatazamwa kama njia ya kuhifadhi nishati. Mwaka 2008 makundi mawili, la Matthias Beller huko Rostock na la Gábor Laurenczy huko Lausanne, yalitangaza kila moja kivyake kwamba ruteniamu inaweza kuitoa haidrojeni hiyo kwenye joto la wastani. Tangu hapo fani imejaa watu.

Tatu, inatoa gesi nyingi. Mililita moja ya asidi fomiki safi ina gramu 1.22, yaani milimoli 26.5. Ikivunjika yote unapata milimoli 26.5 za haidrojeni na kiasi hicho hicho cha kaboni dioksaidi. Hiyo ni karibu lita 1.3 za gesi kwenye nyuzi 25 na usawa wa bahari. Kumbuka namba hiyo; tutaihitaji tukifika kwenye usalama.

Tatizo lake ni njia ya pembeni. Asidi fomiki inaweza pia kupoteza maji na kubaki kaboni monoksaidi, ambayo ni sumu kwa binadamu na inalishika paladiamu lisifanye kazi. Mradi mzuri huuliza pia ni gesi gani iliyotoka, hauridhiki na wingi wake.

Naweza kutumia metali zinazochimbwa Afrika?

Swali zuri, na nalisikia zaidi mwaka hadi mwaka. Afrika Kusini ndiyo inayoongoza duniani kwa kuzalisha platinamu. Kobalti nyingi ya dunia inatoka Kongo, maeneo ya Kolwezi na Lubumbashi, ambako wanaoitoa ardhini ni wasemaji wa Kiswahili wenzetu. Shaba inatoka huko huko na Zambia. Tanzania ina nikeli ya Kabanga, wilayani Ngara.

Kwa upande wa kemia, shaba inajulikana vizuri kwa alkoholi, na nikeli hutoa haidrojeni kwenye misombo mingi japo hupenda pia kuvunja vifungo vya kaboni kwa kaboni. Kobalti na nikeli huitoa haidrojeni vizuri kwenye borohaidraidi ya sodiamu iliyo ndani ya maji, na mmenyuko huo unafaa kwa maabara yenye bajeti ndogo. Kwa asidi fomiki, metali hizi za kawaida zina kasoro ya wazi: nyingi huyeyuka kwenye asidi. Ukitaka kuijaribu nikeli, pima baada ya kila jaribio ni kiasi gani kimeyeyuka. Kimiminika kikigeuka kijani, jibu umelipata bila mashine.

Ombi langu ni kwamba mada ya metali za kwetu isiwe pambo la utangulizi. Kama unaitaka kobalti kwa sababu inachimbwa Kongo, basi mradi uonyeshe inafanya nini ambacho paladiamu haifanyi, au inafanya kwa gharama gani.

Nahitaji vifaa gani?

Kwa kuanzia: flaski ya shingo mbili, kizibo cha mpira, kijiti cha sumaku, jiko la maabara lenye kipimajoto cha kuaminika, mpira wa kupitishia gesi, bureti ya gesi, na saa. Hata silinda ya kupimia iliyofunikwa juu chini ndani ya beseni la maji inaweza kutosha siku za kwanza. Kromatografia ya gesi ikiwepo, itumie kuthibitisha kwamba hakuna kaboni monoksaidi. Mashine ya eksirei ya unga na darubini ya elektroni mnaweza kuomba kwenye idara au chuo kingine. Sampuli zikusanywe zipelekwe kwa pamoja.

Maji ya bureti yana hila zake. Kaboni dioksaidi huyeyuka kwenye maji, hivyo utaona gesi pungufu. Tumia maji yaliyoshiba chumvi na kutiwa asidi kidogo, au pitisha gesi kwenye mmumunyo wa haidroksaidi ya sodiamu imezwe CO2 yote ibaki haidrojeni peke yake. Ukichagua njia ya pili, weka chupa tupu katikati ili mmumunyo usivutwe kurudi kwenye flaski joto likishuka.

Kwa nini namba zangu zinatofautiana na za mwenzangu aliye chuo cha mji mwingine?

Huenda ni mwinuko wa ardhi. Dar es Salaam iko pwani, na mgandamizo wa hewa ni kama kPa 101. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na mgandamizo ni kama kPa 83. Gesi ile ile inachukua nafasi kubwa zaidi Nairobi.

Tuseme wote wawili mmekusanya mililita 120 juu ya maji kwenye nyuzi 25. Toa kwanza mvuke wa maji, ambao kwenye joto hilo ni kPa 3.2. Wa Dar ana milimoli 4.75 za gesi, wa Nairobi ana 3.86. Aliyechukua lita 24.5 kwa moli kutoka kwenye kitabu na kuitumia Nairobi amekipa kichocheo chake sifa ambayo hakikuipata, tena kwa zaidi ya asilimia 20. Soma mgandamizo wa hewa kila siku ya kazi na uuandike juu ya ukurasa wa daftari pamoja na joto la chumba.

TON na TOF zinahesabiwaje?

TON ni idadi ya molekuli zilizogeuzwa kwa kila atomu ya metali. TOF ni idadi hiyo kwa muda, mara nyingi kwa saa.

Tuendelee na mwenzetu wa Nairobi. Alitumia miligramu 50 za paladiamu juu ya kaboni ya asilimia 10, yaani miligramu 5 za paladiamu, sawa na milimoli 0.047. Gesi yake ni nusu haidrojeni, kwa hiyo ana milimoli 1.93 za H2. Gawanya: TON ni 41. Kama ilichukua dakika 20, TOF ni 123 kwa saa.

Namba hiyo peke yake haina maana bila kusema joto, mkusanyiko wa asidi, kama uliongeza fomati ya sodiamu (chumvi ya asidi fomiki), na kama ulihesabu metali yote au ile iliyo juu ya uso tu. Ukiona makala inajivunia TOF kubwa iliyopimwa dakika ya kwanza pekee, tafuta mchoro wa gesi dhidi ya muda. Kichocheo kinachokimbia dakika moja kisha kikalala ni cha kawaida sana kwenye asidi fomiki.

Jaribio tupu ni lipi, na kwa nini msimamizi analisisitiza?

Ni kufanya kila kitu bila kitu kimoja: bila kichocheo, bila asidi, au kwa kaboni isiyo na metali. Mimi naliona ndilo moyo wa mradi wa shahada ya kwanza, na mwanafunzi anayeleta majaribio tupu mazuri namwamini kuliko anayeleta TOF kubwa.

Chukua mfano huu. Wengi hutengeneza kichocheo chao kwa kuchanganya kloridi ya paladiamu na borohaidraidi ya sodiamu. Borohaidraidi iliyobaki kwenye unga, usipouosha vizuri, nayo ikikutana na asidi hutoa haidrojeni mara moja. Mwanafunzi anaona mapovu mengi, anafurahi, kumbe gesi inatoka kwenye mabaki. Dawa yake: osha unga kwa maji mara kadhaa, kisha uweke kwenye maji yenye asidi nyingine, kama asidi ya salfuriki hafifu, uone kama kuna gesi. Ikitoka, rudi ukaoshe.

Mfano wa pili ni joto lenyewe. Flaski yenye mililita 100 za hewa ikipashwa kutoka nyuzi 25 hadi 60 inasukuma zaidi ya mililita 10 kwenye bureti bila mmenyuko wowote. Subiri joto litulie, sawazisha bureti kwenye sifuri, ndipo uingize asidi kwa bomba la sindano kupitia kizibo.

Nitajuaje kwamba napima kemia, na si kasi ya kukoroga?

Badilisha kasi ya kijiti cha sumaku. Kama utoaji wa gesi unabadilika, bado molekuli zinachelewa njiani kufika kwenye metali. Kisha punguza kichocheo nusu: kasi ya jumla ishuke nusu, TOF ibaki pale pale. Ukishapita hapo, pima kwenye joto nne au tano tofauti na uchore mstari wa Arrhenius, yaani logi ya kasi dhidi ya moja gawanya kwa joto la Kelvin; mteremko wake unakupa nishati amilishi, kizingiti cha nishati ambacho mmenyuko lazima ukivuke. Kasi ikiongezeka maradufu kati ya nyuzi 50 na 60, nishati amilishi ni kama kJ 62 kwa moli. Ukipata namba ndogo sana, kama kJ 10 au 15, shuku ukorogaji kabla ya kushangilia.

Kuna hatari gani?

Zipo, na usikubali mtu yeyote akuambie mradi huu ni mapovu tu.

Haidrojeni ikiwa kati ya asilimia 4 na 75 ndani ya hewa inaweza kulipuka. Fanya kazi ndani ya kabati la kufyonza hewa, bila moto wala cheche karibu. Usifunge kamwe chupa yenye asidi fomiki na kichocheo: ile lita 1.3 kutoka kwenye mililita moja itatafuta pa kutokea, na kioo ndicho kitakachopasuka. Hata chupa ya sampuli unayoipeleka kwenye mashine, chuja kichocheo kwanza.

Paladiamu juu ya kaboni iliyokwisha kushika haidrojeni inaweza kuwaka yenyewe ikikauka hewani, na mvuke wa methanoli huusaidia moto huo. Weka kichocheo kwanza ndani ya flaski iliyojaa naitrojeni, kiloweshe kwa maji, ndipo uongeze vingine. Kimimine polepole, vumbi lisiruke.

Asidi fomiki kali huunguza ngozi na macho. Vaa glavu, miwani na koti, na ujue bomba la maji liko wapi kabla hujafungua chupa. Kaboni monoksaidi haina harufu, kwa hiyo kigunduzi chake kiwepo mezani.

Vitabu vya zamani vitakutajia jaribio la tone la zebaki la kutambua kama kichocheo ni kigumu au kimeyeyuka. Liache. Zebaki ni sumu na jibu lake linaweza kupotosha. Chuja mchanganyiko ukiwa bado wa moto na uangalie kama kimiminika kilichopita kinaendelea kutoa gesi.

Nitapataje nafasi kwenye maabara ya mhadhiri?

Mwandikie mapema, kabla ya orodha ya miradi kutoka. Soma makala yake moja na umuulize swali moja la kweli kuhusu jedwali au mchoro fulani. "Shikamoo Profesa, naomba nafasi yoyote" ni heshima, lakini haimwambii unataka nini. Sema pia una saa ngapi kwa wiki, na uzitimize.

Kwa mnaosoma Marekani: programu ya REU ya shirika la serikali la sayansi, NSF, hulipia utafiti wa likizo ya kiangazi, ila fedha zake kwa kawaida ni za raia na wakazi wa kudumu. Mwanafunzi wa kigeni aulize fedha za chuo chenyewe au za mhadhiri.

Kichocheo changu hakifanyi kitu. Nimefeli?

Hapana. Kwanza jaribu kichocheo cha dukani kwenye mfumo huo huo. Kikifanya kazi, vifaa vyako ni vizima na tatizo ni la unga wako: metali huenda haikushika, au kloridi imebaki imeziba uso. Kisipofanya kazi, tafuta mahali gesi inapovuja. Ripoti inayosema "nikeli hii ilitoa haidrojeni kidogo na iliyeyuka kiasi hiki kwa saa moja" ni matokeo kamili, yanaweza kutetewa mbele ya jopo, na mwanafunzi wa mwaka ujao ataanzia hapo.

Mabaki ya kichocheo niyapeleke wapi?

Usiyatupe kwenye ndoo ya takataka wala sinki. Karatasi ya kuchujia yenye paladiamu iliyoachwa ikakauka juu ya karatasi nyingine inaweza kuwasha ndoo nzima usiku. Iweke ikiwa imelowa ndani ya chupa ya maji yenye mdomo mpana, andika jina la metali, tarehe na jina lako, kisha uikabidhi kwa fundi wa maabara. Kifuniko kisikazwe siku ya kwanza, kwa kuwa gesi iliyobaki huendelea kutoka. Zikijaa chupa kadhaa, idara inaweza kuzituma zikasafishwe, metali irudi kutumika.